Mpishi wa Tanga, blogu yako inadai ni ya Kiingereza

SWALI: Assalam alaykum. Nina blogu ya mapishi ya pwani, huu mwaka wa nne, pamoja na kurasa za Instagram na Facebook. Wiki mbili zilizopita alinipigia mama mmoja wa Muheza ambaye haoni. Anasema simu yake inamsomea kila kitu, WhatsApp, habari, meseji za benki, lakini akifungua blogu yangu "inaongea kizungu cha ajabu", na mabango yangu ya Instagram hayasemi chochote. Niliona haya. Fundi wangu ananiambia kipo kidude cha kuweka kwenye tovuti, kinalipiwa dola kila mwezi, kinaifanya yote ifae kwa wasioona. Nikinunue? Na kama sivyo, nianzie wapi? (Mpishi, Tanga)

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Usikinunue. Fundi wako amekuandikia dawa bila kupima.

Jana usiku nimeifungua blogu yako, kwanza kwa simu, kisha kwa kompyuta. Mimi mwenyewe sioni. Kazi yangu ni kuwafundisha wasioona wenzangu kompyuta, na hata haya nayaandika kwa masikio. Kwa hiyo nitakwambia nilichokisikia kwako, na mengine utayajua humo humo.

Simu ya yule mama ina programu tunayoiita kisoma skrini. Kwenye Android ni TalkBack, kwenye iPhone ni VoiceOver, na zote mbili zimo ndani ya simu tangu inatoka dukani. Kwenye Windows wengi wetu tunatumia NVDA, ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia asiyeona, akaungana naye mwenzake ambaye naye haoni. Kisoma skrini hakina macho ya kuangalia ukurasa kama wewe unavyouangalia. Kinasoma maandishi ya kitaalamu yaliyo chini ya ukurasa, yale anayoyaandika fundi au WordPress yenyewe, ile programu inayoendesha blogu yako, na kinaamini kila kinachoambiwa humo. Ukurasa ukidanganya, nacho kinadanganya.

Sasa sikiliza. Nilianza na wali wa nazi. NVDA yangu inasoma Kiswahili kwa sauti ya eSpeak inayokuja nayo. Ni sauti kavu, kama karani wa stesheni mwenye mafua, lakini matamshi ni ya kwetu, kwani Kiswahili kinasomwa kinavyoandikwa na hakiisumbui mashine. Ukurasa ukafunguka, na papo hapo sauti ikageuka. "Chukua nazi mbili" ikatoka "chukyua natsi". Natsi, dada, wale wa Hitler. Wawili, wa kukuna. "Unga" ukawa "anga". Ulipofika pale uliposema mchele uchemke pole pole, nikaambiwa "poul, poul", yaani nguzo nguzo. Nilicheka hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Lakini yule mama wa Muheza hakucheka. Alidhani kosa ni la simu yake.

Kosa liko kwenye mstari wa juu kabisa wa ukurasa wako. Fungua blogu kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U kwa pamoja, utaona maandishi ya chini ya ukurasa. Karibu na mwanzo utakuta lang="en-US". Maana yake: maandishi yote haya ni Kiingereza cha Marekani. NVDA inapokutana na tangazo hilo inafanya ilichofundishwa, inaweka pembeni sauti ya Kiswahili na kuita ya Kiingereza. Visoma skrini vingine navyo vinatii vivyo hivyo. Hata mtu awe ameipanga simu yake yote kwa Kiswahili, ukurasa wako unampindua. WordPress ilipowekwa kwa Kiingereza siku ya kwanza, ndipo uongo huo ulipoingia, na hujawahi kuuona kwa sababu hauonekani. Blogu nyingi za Kiswahili ninazozifungua zina ugonjwa huu huu, hata za watu wanaojua kompyuta.

Dawa yake ni herufi mbili: sw. Kwenye WordPress nenda kwenye mipangilio ya jumla, tafuta lugha ya tovuti, chagua Kiswahili. Kama unaogopa vitufe vya ndani navyo vitageuka Kiswahili usichokizoea, kwenye wasifu wako wa mtumiaji unaweza kubakiza Kiingereza chako peke yako. Ikiwa Kiswahili hakimo kwenye orodha unayoiona, au ukibadilisha halafu Ctrl na U bado inaonyesha en-US, hiyo sasa ni kazi ya fundi: afungue faili la kichwa cha tovuti, ahakikishe pale pa lugha panatoka sw badala ya en-US. Ni kazi ya dakika tano. Asikutoze dola.

Ule mwongozo wa kimataifa wa tovuti unaoitwa WCAG, toleo lake la karibuni la 2.2 likiwa la Oktoba 2023, unapanga masharti kwa ngazi tatu. Sharti la ukurasa kutaja lugha yake liko ngazi ya chini kabisa, lile daraja la A ambalo ukilikosa hujaanza. Shirika la WebAIM la Marekani hupima kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja, na kosa hili la lugha halitoki kwenye orodha yao ya makosa sita yanayojirudia zaidi. Hesabu zao za 2025 zilikuta zaidi ya kurasa 94 katika kila 100 zina kasoro inayoweza kugunduliwa na mashine. Kwa hiyo aibu yako ipunguze, dada. Uko kwenye kundi kubwa.

Ukishaweka sw, Kiswahili chenyewe nacho kiandike kizima. Pale ulipoandika "2naweka", "xaxa" na "ckia", mashine haijui utani wa meseji. "Ngombe" bila ile alama ya ng' inasomwa kama ilivyoandikwa, na nyama inakuwa ya mnyama asiyejulikana. Vipimo vya "1/2" sauti nyingine inasoma "moja, mkwaju, mbili", mkwaju likiwa jina la ule mstari wa katikati. Fikiria mtu yuko jikoni, mikono ina unga, anatafuta mkwaju utaingiaje kwenye kitumbua. Andika "nusu kikombe".

Picha sasa. Ukurasa wa wali una picha kumi na moja, na kwenye kila moja nilisikia kitu cha namna hii: "IMG, deshi, 20240312, deshi, WA0007." Hilo ni jina la faili lililotoka WhatsApp. Kisoma skrini kikikosa maelezo ya picha, mara nyingi hukamata jina la faili ili kisikae kimya, hasa picha ikiwa ni kiungo kama hizi zako. Mara kumi na moja.

Kila picha ina sehemu ya kuandika maandishi mbadala, ambayo macho hayayaoni ila masikio yanayasikia. Kwenye WordPress gusa picha ndani ya makala, upande wa kulia utaona kisanduku chake. Jihadhari na jambo moja linalowachosha wengi: ukienda kuandika maelezo kwenye maktaba ya picha, hayaingii kwenye makala ulizokwisha kuchapisha. Picha iliyokwisha kuwekwa inabaki bubu hadi uiguse humo humo kwenye makala. Nimeona mtu akijaza maktaba nzima usiku kucha, asubuhi hakuna kilichobadilika.

Uandike nini? Watu huandika "picha ya chakula". Neno "picha" kisoma skrini kimeshalisema chenyewe, na kwamba ni chakula nilijua tangu nilipofungua blogu ya mapishi. Jiulize kwanza picha ile umeiweka ya nini. Kwenye mchuzi wa samaki umeandika, nanukuu, "tui likifika hapa umeshachelewa", kisha picha. Hapa wapi? Hiyo ndiyo sehemu muhimu kuliko zote kwenye mapishi yale, na ndipo mimi nilipoachwa nje ya mlango. Andika: "Tui lililokatika: mafuta yameelea juu, chini maji maji yenye chembe." Na ukitaka kunifurahisha zaidi, sentensi hiyo iingize kwenye makala yenyewe, si kwenye picha tu. Yuko pia msomaji anayeona vizuri lakini bando lake linaisha na picha hazifunguki; naye tui lake litakatika vile vile.

Zile picha za mapambo, maua pembeni na mstari wa nakshi chini ya kila aya, ziache bila maelezo wala kiungo, na kisanduku chake kikae kitupu. WordPress ikikuta kisanduku kitupu huiarifu mashine kwamba picha ile ni pambo, na visoma skrini vinairuka. Sina haja ya kuambiwa kuna ua.

Vichwa vidogo vya "MAHITAJI" na "NAMNA YA KUPIKA" umevikoleza wino tu. Kwa macho ni vichwa, kwa mashine ni maandishi ya kawaida yaliyovimba. Sisi kwenye kompyuta tunabonyeza H kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, kama wewe unavyotupa jicho chini ya ukurasa. Kwako nilibonyeza H, nikaambiwa hakuna kichwa kingine. Ikanibidi nisikilize hadithi yote ya shangazi yako na mnazi wa Pangani, nzuri kwa kweli, kabla ya kujua nahitaji mchele kiasi gani. Chagua kichwa cha daraja la pili kwenye kihariri, basi. Na mahitaji yaweke kwenye orodha halisi ya WordPress badala ya kutanguliza alama ya tiki ya kijani kila mstari, kwani orodha halisi inatajwa idadi yake kwanza, kwamba kuna vitu vinane, na hizo tiki zinasomwa zote nane kwa jina.

Tuje Instagram na Facebook. Huko suala la lugha si lako, kila mtu anasikia kwa sauti aliyoipanga kwenye simu yake. Tatizo lako huko ni bango. Tangazo la darasa lako la vitumbua, siku, saa, mahali, ada na namba ya simu, vyote umevichora ndani ya picha. Maelezo ya chini umeandika: "Usikose!!" na emoji tano za moto. Nilichosikia mimi ni hiki: "Usikose, moto, moto, moto, moto, moto." Ningejua nini? Kwamba jiko limeungua?

Facebook tangu Aprili 2016 ina mashine ya kukisia picha, na Instagram nayo ilifuata mwishoni mwa 2018. Zinasema kitu kama "huenda ikawa picha ya chakula". Kuna wakati zinanyofoa na maneno ya kwenye bango, yakaja fungu moja, ada imegonga namba ya simu. Usizitegemee. Mitandao yote hiyo inakuruhusu kuandika maandishi mbadala yako mwenyewe, kabla ya kuposti au baadaye kwa kuhariri chapisho. Lakini kwa bango la tangazo nakushauri njia fupi zaidi: maneno yote ya bango yaandike tena kwenye maelezo ya chini. Yatasikika, yatatafutika, na mtu atainakili namba yako ya simu kwa kidole. WhatsApp fanya hivyo hivyo, hasa kwenye magrupu, maana huko bango linatumwa na kutumwa tena hadi halijulikani limetoka wapi.

Jina lako kwenye wasifu wa Instagram umeliandika kwa zile herufi za mwandiko wa urembo zinazotolewa kwenye tovuti za kubadilisha fonti. Zile si fonti. Ni alama za hesabu zinazofanana na herufi, ziliwekwa kwa ajili ya wanahisabati. Visoma skrini vingine vinazitaja moja moja kwa majina marefu, vingine vinanyamaza kimya. Kwangu wewe huna jina. Na alama ya reli, badala ya #mapishiyapwani andika #MapishiYaPwani, ili mashine ione neno linaanzia wapi.

Jambo lililonisikitisha kuliko mabango, dada, ni video zako. Nimezifungua sita. Zote zina wimbo, na maelekezo yanapita kwa maandishi juu ya skrini: weka vitunguu, geuza, funika. Mimi nimesikia nyimbo sita. Nimesikia na mafuta yakichachatika, kwa hiyo najua kuna kitu kinakaangwa. Wewe una sauti, yule mama ameisikia kwenye simu. Ongea unapopika. Punguza wimbo, sema "vitunguu vikianza kuwa vya dhahabu, na harufu imebadilika, hapo tia thomu". Harufu ni kipimo bora kuliko rangi hata kwa mwenye macho. Maandishi ya skrini usiyatoe, kuna viziwi wanaoyahitaji. Weka vyote viwili. Hili halitaki fundi wala dola, na naamini litakuletea wasikilizaji wengi kuliko yote niliyoandika hapa, maana wapishi wengi hawawezi kukodolea simu na kukaanga kwa wakati mmoja.

Nirudi kwenye kile kidude cha fundi. Vidude hivyo ni tabaka linalotandazwa juu ya tovuti: kitufe cha kukuza maandishi, kitufe cha kubadilisha rangi, kitufe cha kusoma kwa sauti. Mtu asiyeona amekuja tayari na sauti yake. Ukimwongezea ya pili, zinasemeshana zote kwa pamoja na hasikii hata moja. Na kidude hakiwezi kujua kwamba picha ile umeiweka kuonyesha tui lililokatika. Kitakisia, kama Facebook. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe, mojawapo ya wauzaji wakubwa wa vidude hivyo, ilipe dola milioni moja kwa madai yake kwamba bidhaa yake ingeifanya tovuti yoyote ikidhi WCAG. Mpe fundi wako habari hiyo, kwa upole, huenda naye aliuziwa.

Kuna mambo mawili ambayo fundi anaweza kukusaidia kweli. La kwanza ni lile dirisha la "Jiunge na chaneli yetu" linalofunika ukurasa baada ya sekunde chache. Kitufe chake cha kufunga kimechorwa alama ya X bila jina, kwa hiyo nasikia "kitufe" tu, na sijui kinafunga au kinanunua. Akipe jina: Funga. Afadhali aliondoe kabisa, lakini najua matangazo ndiyo yanalipa umeme wa blogu, sitakufundisha biashara yako.

La pili ni fumbo la picha kwenye sehemu ya maoni. Mwaka juzi nilikaa dakika arobaini kwenye fomu ya taasisi moja nikitakiwa nichague picha zenye taa za barabarani. Nikaomba fumbo la sauti, likaja la Kiingereza lenye makelele kama redio iliyopoteza stesheni. Mwisho nilimwita mtoto wa jirani wa darasa la tatu, akathibitisha kwa niaba yangu kwamba mimi ni binadamu. Kwako fumbo liondoe, tumia kichujio cha takataka kama Akismet, na maoni yapitishe mwenyewe kabla hayajaonekana.

Umeniuliza pia, kwa pembeni, kama uhamie Instagram moja kwa moja na kuiacha blogu. Mimi nisingefanya. Mitandao ina mwenye nyumba. Januari 2023 Twitter ilizifungia programu za nje, na wasioona wengi wakapoteza zile walizozizoea kama Twitterrific, ambazo zilikuwa zikisomeka kwa VoiceOver vizuri kuliko ya Twitter yenyewe. Hakuna aliyeulizwa. Blogu ni yako, ukirekebisha inabaki imerekebishwa.

Nianzie wapi, umeuliza. Leo badilisha sw. Kesho chukua mapishi matano yanayosomwa zaidi, hayo tu, urekebishe picha na vichwa. Mengine yatakuja polepole unapoyagusa. Kisha, kabla hujamwita fundi, fanya jaribio hili. Kwenye simu yako nenda mipangilio, ufikivu, washa TalkBack. Kuanzia hapo unatelezesha kidole kulia kwenda kitu kinachofuata, na unagusa mara mbili kufungua. Jifunze kwanza namna ya kuizima, wengi hunipigia wakiwa wamekwama na simu inawapigia kelele. Ukiweza, geuza simu kifudifudi, uso wa kioo mezani, uinyanyue kidogo tu kwa kidole kupita, na ujaribu kupata kiasi cha nazi kwenye wali wako mwenyewe.

Halafu mpigie yule mama. Mwombe afungue ukurasa wa vitumbua nawe ukiwa kwenye simu yake ya pili au ya jirani, na usimwelekeze. Kaa kimya umsikie anapokwama, uandike. Akifika kwenye hamira bila kukuuliza neno, nitumie ujumbe, nami nije darasani. Siku na saa utaniambia, maana bango sikulisoma.